Nyumba Zisizo na Simu

Machi 2
Ofisini kila mgeni wa kazi lazima awe na daftari: tarehe, ulichofanya, ulipokwama. Lile langu liko mezani na mwalimu wangu hulisoma. Hili nimelileta nyumbani na halisomi mtu. Lile la ofisini leo linasema, "Nimeanza vizuri." Hili litasema ukweli: naogopa.

Ofisi yetu ni ya tahadhari ya mafuriko. Mto unapita chini ya mji, na masika ukijaa unaingia mitaa ya bondeni. Mwaka huu wanataka simu za watu wote wa bondeni ziwe mahali pamoja, ili maji yakipanda, ujumbe uwafikie wote kwa mkupuo mmoja. Kuziingiza kwenye hifadhidata ni kazi yangu. Nina miezi mitatu ya majaribio, halafu wataamua kama nabaki. Nina kidato cha nne, kozi ya kompyuta ya miezi sita, na mtoto wa miezi minane.

Machi 4
Mto: mita 1.1. Nauandika kwa sababu kila asubuhi namba hiyo inaandikwa kwa chaki mlangoni kwetu, na kila anayeingia huitazama kabla ya kusalimia. Ukifika 4.0 watu wa bondeni waondoke.

Mwalimu wangu ni kijana mwembamba, asiyecheka. Wanamwita Mabano, kwa kuwa lugha ya programu tunayotumia imejaa mabano, na yeye huyahesabu kwa kidole kwenye kioo kama mtu anayechagua mchele.

"Dada, hapa hatubadilishi kitu," aliniambia. "Ulichopewa kinabaki kilivyo. Ukitaka kingine, unatengeneza kipya kutokana na kile."

"Kama mke wa pili," nikasema.

Hakucheka. Nilitamani sakafu inimeze.

Machi 9
Mto: 1.2. Leo nimeyaelewa mafaili. Wakusanyaji walipita na fomu mwishoni mwa mwaka jana, na kila eneo la bondeni ni faili moja. Ukifungua eneo unakuta orodha ya mitaa. Ukifungua mtaa unakuta orodha ya nyumba. Ukifungua nyumba unakuta orodha ya simu. Ni sufuria ndani ya sufuria ndani ya sufuria, kama zilivyo kabatini kwangu, ukitaka ile ya uji lazima utoe zote.

Lakini hifadhidata haitaki sufuria. Inataka mistari iliyonyooka: eneo, mtaa, nyumba, simu. Kwa hiyo naandika fanksheni, yaani kipande cha programu, inayoingia ndani, na ikikuta orodha nyingine inajiita yenyewe iingie tena, mpaka ifike kwenye simu. Kwa kila simu inatoa mstari mmoja. Mwisho mistari yote inaunganishwa iwe orodha moja ndefu, ndiyo inayoingizwa.

Nimeandika hayo bila kutazama notsi. Kidosho, mwanangu, alikuwa mgongoni, ananitafuna kola.

Machi 10
Mto: 1.2. Jino. Hatujalala, wala mimi wala baba yake wala jirani.

Machi 13
Mto: 1.4. Imekubali!

Mabano alihesabu mwenyewe. Simu zilizo kwenye mafaili: 6,051. Simu zilizoingia: 6,051. Akarudia hesabu. Akahesabu na mabano yangu kwa kidole.

"Hata moja haijadondoka," akasema. "Naipitisha." Akaandika jina lake chini ya langu. Hiyo kwake ni sherehe.

Machi 16
Mto: 1.4. Bosi wetu ni mwanamke wa makamo, ana sauti ya shangazi aliyekuja na zawadi. Leo aliinama juu ya bega langu. "Binti yangu, niulizie nyumba ngapi hazina simu. Mwaka jana zilizidi mia nne, zikatutoa roho. Ilibidi tuajiri tena wapita nyumba, wa kuzipitia kwa miguu."

Nikaiuliza hifadhidata. Ikajibu: 0.

Bosi alinikumbatia mbele ya watu. Alisema kampeni yake ya simu imezaa matunda, kila nyumba sasa ina namba, hata kama ni ya jirani. Alipeleka ripoti juu siku hiyohiyo. Mimi nilirudi nyumbani natembea juu juu. Baba Kidosho ni mwashi, na mvua imesimamisha ujenzi, kwa hiyo yuko nyumbani. Alinipokea mtoto mlangoni akamwambia, "Mama yako ameshika mto kwa mikono yake."

Machi 20
Mto: 1.7. Wapita nyumba walikuja kurudisha vizibao na filimbi. Walikuwa sita. Kiongozi wao ni mama mmoja mnene, mpole, miguu imemvimba, wanamwita Mama Filimbi. Miaka kumi na moja amegonga milango ya wasio na simu kila maji yalipopanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Eti hakuna asiye na simu sasa?"

"Hakuna, mama. Sifuri."

"Haya. Maendeleo." Akaiweka filimbi mezani kwangu, akaifuta kwanza kwa khanga.

Machi 24
Mto: 1.9. Mvua.

Machi 25
Mto: 2.0. Mvua. Nepi hazikauki.

Machi 29
Mto: 2.2. Mvua, lakini ya rasharasha. Bosi ameniambia imebaki sahihi yake tu niajiriwe.

Aprili 3
Mto: 2.3. Nilijibanza na mvua kwenye baraza la duka la dawa, nikamkuta Mama Filimbi. Tukasimama tunatazama maji yanavyokimbia mtaroni.

"Mwanangu, yule mzee kiziwi wa nyumba ya bati jekundu, eneo la pili. Mmempa simu ya namna gani?"

"Simu ya nini, mama?"

"Nauliza. Maana hata filimbi hakuwa anaisikia. Nilikuwa naingia mpaka ndani, namshika mkono. Sasa ninyi na ujumbe wenu, anausikiaje?"

Nilicheka. Nikasema labda wameandika namba ya jirani.

"Jirani yake ni mto," akasema.

Aprili 4
Mto: 2.5. Asubuhi nilimtafuta huyo mzee, nipate kumtoa Mama Filimbi wasiwasi. Nikafungua faili la eneo la pili. Yumo: mtaa wa kwanza, nyumba ya kumi na nne, mtu mmoja, "kiziwi," orodha ya simu tupu.

Nikafungua hifadhidata. Eneo la pili, mtaa wa kwanza, nyumba ya kumi na tatu. Halafu ya kumi na tano.

Mara ya kwanza nilidhani macho yangu yamechoka. Nikaangalia tena. Kumi na tatu, kumi na tano.

Ndipo nikaelewa. Fanksheni yangu inatoa mstari mmoja kwa kila simu. Nyumba ikiwa na simu tatu, mistari mitatu. Ikiwa na moja, mmoja. Ikiwa haina simu? Inaingia, inakuta orodha tupu, inatoka mikono mitupu. Hakuna mstari. Na bila mstari hakuna nyumba. Haisemi "hii haina simu." Inaipita kama vile haikujengwa.

Halafu mimi nikaiuliza hifadhidata ni nyumba ngapi hazina simu. Ingejibu nini? Zote zisizo na simu zilikuwa zimebaki nje ya mlango.

Tulihesabu simu, zikalingana mpaka ya mwisho. Hakuna aliyehesabu nyumba. Nilizihesabu leo. Kwenye mafaili: 4,318. Kwenye hifadhidata: 3,906.

Mia nne na kumi na mbili. Na wale waliokuwa wakiwagongea milango tumewanyang'anya filimbi kwa sababu ya sifuri yangu.

Bosi alipita akaniuliza, "Vipi, binti yangu, mbona umepauka?" Nikamwambia mtoto hakulala.

Aprili 5
Mto: 2.6. Sijasema.

Aprili 6
Mto: 2.9. Sijasema.

Kila nikifungua mdomo naona ripoti ya Bosi, naona miezi yangu mitatu, naona jina la Mabano chini ya langu. Nikifunga mdomo namwona mzee wa bati jekundu amekaa kitandani anakunywa chai, hasikii kitu. Nimemkaripia Kidosho kwa kumwaga uji. Mtoto wa miezi tisa! Akanitazama, mdomo ukaanza kuviringika, nami nikalia kabla yake.

"Nini?" baba yake akauliza.

Nikamwambia yote. Mwashi huelewa kwa ukuta: nikamwambia ni kama nimepima nyumba nzima kwa kuhesabu madirisha, na vyumba visivyo na dirisha sikuvijenga.

Alimfuta Kidosho uji. Halafu akasema, "Sasa hao watu wanangoja nini? Wewe upate ujasiri?"

Nilimchukia kwa muda mfupi. Muda mfupi sana.

Aprili 7
Mto: 3.0. Nilimwendea Mabano saa mbili asubuhi, kabla hajavua koti.

"Kaka, nimewapoteza watu."

Alisoma nilichomwonyesha. Kidole chake kilitembea kwenye mistari, kikasimama pale pale kiliposimama changu. Nilisubiri matusi. Nilikuwa nimeshajiandalia na majibu.

"Hapa," akasema taratibu. "Kwa kila simu. Nimeipitisha mimi hii."

"Nimeiandika mimi."

"Wewe una mwezi mmoja kazini. Mimi nina miaka saba." Akakaa chini na koti lake limelowa. "Umejua lini?"

Ningeweza kusema leo.

"Tarehe nne. Siku tatu zimepita."

Alinitazama. "Siku tatu," akasema, basi. Afadhali angenitukana.

Tukairekebisha pamoja. Fanksheni ikifika kwenye nyumba, kwanza iulize: orodha ya simu ina kitu? Ikiwa haina, itoe mstari vilevile, na mahali pa simu iandike "hana." Tukaendesha. Tukahesabu nyumba safari hii: 4,318. Wasio na simu: 412. Mzee wa bati jekundu akatokea, nyumba ya kumi na nne. Nilitamani kulibusu lile neno "hana."

Aprili 8
Mto: 3.1. Bosi alisikiliza akiwa amesimama. Sikuwahi kuona uso ukizimika namna ile.

"Mnajua ripoti imeshasomwa juu? Mnajua nimepongezwa?" Halafu akapunguza sauti, ile ya shangazi ikarudi. "Jamani. Tutarekebisha taratibu, masika yakiisha. Mwaka huu mto hautafika nne. Haujafika miaka mitatu."

"Bosi," Mabano akasema, "masika ndiyo haya."

"Na nitaandika nini? Kwamba nilidanganya?"

"Andika fundi wako alikosea. Jina langu lipo pale chini, kubwa tu."

Mimi nilitaka kusema kosa ni langu, sauti ikagoma. Naandika hili humu ili nisijidanganye baadaye: sauti iligoma.

Bosi alitutoa nje. Saa nane akatuma karatasi ya kuwarudisha wapita nyumba. Ilikuwa na jina la Mabano, na neno "uzembe."

Mwanamke huyu nilimpenda kama ndugu wa mama yangu. Na Mabano nilimwona jiwe.

Aprili 9
Mto: 3.1. Mama Filimbi amerudi na watano wake. Hakuniuliza kitu. Alichukua filimbi mezani, akaipuliza kidogo kuijaribu, ofisi nzima ikashtuka. "Bado inalia," akasema.

Aprili 11
Mto: 3.3. Mvua. Wapita nyumba wanaanza na walio karibu na ukingo.

Aprili 12
Mto: 3.3. Mvua usiku na mchana. Mzee kiziwi amehamia kwa mpwa wake, mjini juu. Mama Filimbi anasema aligoma mpaka alipomchorea maji yanafika kifuani.

Aprili 14
Nimekaa kwenye darasa la shule ya mlimani, Kidosho amelala juu ya koti, nami naandika ili mikono itulie.

Asubuhi Mto: 3.6. Chaki ilikuwa bado mbichi mlangoni. Mama Filimbi alikuwa ametandaza sakafuni karatasi za mitaa nilizochapa, anazipanga kwa eneo na mtaa, kila mpita nyumba apewe za kwake. Eneo la tano alilipanga mara mbili.

"Mwanangu, karatasi moja imebaki kwenye mashine?"

"Hapana, mama. Zote hizo."

"Mtaa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa tano. Wa nne uko wapi?"

Nikasema labda haupo. Namba za mitaa huruka.

"Upo! Kwenye matanuru ya matofali, chini kabisa. Tuliposaidia kukusanya, fomu zilituishia tukiwa mlangoni pao. Tulisema tutarudi, tukaandika jina la mtaa basi."

Nikamkaza Kidosho mgongoni. Jina la mtaa, basi. Mtaa wenye orodha ya nyumba tupu. Fanksheni inaingia kwenye mtaa, inakuta hakuna nyumba, inatoka mikono mitupu. Kosa lilelile, ghorofa moja juu. Tulikuwa tumeiziba nyumba tukausahau mtaa. Tulihesabu nyumba zikalingana, tukapongezana tena, na hakuna aliyehesabu mitaa.

"Mabano!" Nilipiga kelele, kwa mara ya kwanza bila "kaka." Akaja mbio. Sikuhitaji kueleza, nilisema tu, "Mtaa mtupu," akashika kichwa.

Nilikaa kwenye kompyuta, ukingoni mwa kiti, Kidosho analia. Safari hii sikugusa ngazi moja. Niliandika kwamba popote utakapoingia, iwe eneo, iwe mtaa, iwe nyumba, ukikuta tupu usitoke kimya: toa mstari, useme ni wapi na nini hakuna. Mabano alisoma juu ya bega langu bila kuhesabu mabano. Tukaendesha. Mstari mmoja mpya tu: eneo la tano, mtaa wa nne, nyumba: haijulikani.

Mlangoni mtu alifuta 3.6 akaandika 3.8.

Bosi alitoka chumbani kwake. Nilimwambia mbele ya wote, na sauti haikugoma: "Kuna mtaa mzima hatuna hata jina moja. Kosa ni langu, la kwanza na la pili." Alitazama mlango, akatazama ile chaki. Akavua viatu vya visigino, akavishika mkononi. "Gari langu liko nje," akasema.

Walikwenda yeye, Mabano, Mama Filimbi. Nikampigia Baba Kidosho, kwa kuwa matofali yote aliyowahi kujengea yametoka kwenye matanuru yale na njia zake anazijua. Nilimpigia mimi. Sikujua nitajisikiaje akishasema "Sawa, nakwenda," mpaka simu ilipokatika na nikabaki nimeikamata. Nimemtuma mume wangu kwenye maji kwa sababu ya orodha tupu.

Saa saba na nusu ujumbe wa 4.0 ulikwenda kwa simu 6,051. Nilibonyeza mimi. Niliambiwa niende shuleni kuandikisha wanaofika, nikaja.

Bado mvua. Wanaingia makundi makundi, na vyandarua, na kuku, na televisheni imefungwa kwenye shuka. Wa eneo la kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kila kivuli mlangoni nadhani ni yeye.

Aprili 15
Wa matanuru walifika jana saa kumi na moja, mchana bado upo. Watu wengi kuliko nilivyodhani. Walikuwa wekundu kwa udongo mpaka kwenye nyusi, huwezi kumjua mzee na kijana. Mama Filimbi alikuwa mbele, filimbi mdomoni, hana pumzi ya kuipuliza. Bosi alikuwa amembeba mtoto wa mtu, sketi imechanika. Hakunitazama, akaenda kutafuta mablanketi. Sijui nimweke wapi moyoni, huyu. Mabano alikaa chini kwenye kona akaanza kutetemeka, na watoto wa matanuru wakamzunguka wanamshangaa.

Baba Kidosho alikuwa wa mwisho. Nilimpiga ngumi ya kifua, halafu nikamshika. Alisema, "Njia ya chini imeshakatika. Tumetoka na ya juu." Akamchukua mtoto, akageukia ukutani naye.

Nikafungua daftari, nikaanza kuwaandika wa mtaa wa nne. Nyumba moja moja, kuanzia ya kwanza. Jina, watu wangapi, simu. Asiyekuwa na simu niliandika "hana," neno zima, nikalisoma kwa sauti ili anisikie.

Nyumba ya kumi na tisa ilikuwa ya mwanamke wa rika langu. Amejitanda shuka, mtoto mmoja mkononi, mwingine ameshika nguo yake.

"Simu, dada?"

"Hatuna."

"Hana. Mko wangapi?"

"Wanne."

Nilimwangalia yeye, nikaangalia watoto. Wawili na yeye. Akaona ninavyohesabu.

"Baba yao alirudi kufunika tanuru," akasema. "Matofali yalikuwa yamebakiza siku moja yaive. Alisema anakuja nyuma yetu."

Nilimtazama Baba Kidosho, na yeye akainamisha macho kwa mtoto wetu. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho. Nyuma yake hakukuwa na mtu.

Mwanamke alikuwa anautazama mlango. Hakulia. Alisubiri niandike, kama mtu anayesubiri risiti.

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Ingekuwa rahisi kuacha wazi, niseme tutajaza baadaye.

"Jina lake nani?" nikauliza.

Akanitajia, herufi moja moja, niliandike sawasawa. Nikaliandika kwenye mstari wake mwenyewe, chini ya la mkewe, juu ya majina ya watoto. Watu: wanne.